Fundi wa king'ora aliyeogopa kufuta kazi ya mkubwa wake

Saa tatu asubuhi mawingu yameshaanza kuukalia mlima wa volkano, na Wening Prastiwi anaikodolea macho kompyuta yake mjini Muntilan. Maandishi mekundu ya makosa yamejaa kwenye kioo. Tangu afike kazini, programu inagoma kuundwa.

Ni programu ya king'ora kinachowaonya watu wa bondeni tope la volkano linaposhuka na mvua. Vipimo vipya vimefungwa juu mtoni, na programu ya zamani haivisikii. Msimu huu mvua hunyesha mchana. Mama yake, Bu Sumirah, anawauzia chakula wachimba mchanga palepale mtoni.

"Nimemwambia leo asiende," anasema Wening. "Kanijibu, 'Kwani wachimbaji watakula kompyuta yako?'"

Baada ya kuhangaika, anamjua mchawi. Kompyuta ina matoleo mawili ya maktaba moja, yaani msimbo ulioandikwa tayari ambao programu huutegemea kusoma vipimo. Programu inafuata maelekezo ya toleo jipya, kisha inachukua vifaa vya lile la zamani. Haviingiliani.

Jipya aliliweka yeye. La zamani ni la Pak, yaani Mzee, Sudarmadi, mkubwa wake aliyestaafu, na kulifuta aliona ni kumvunjia heshima. Huku kwetu kiti cha mzee hakiondolewi hata kama mwenyewe hayupo. Safari hii adabu imezaa balaa.

Anampigia mzee simu, sauti imemnywea.

"Samahani sana, Pak. Naomba ruhusa nifute toleo lako."

"Lile bado lipo?" Kicheko cha mzee kinajaa chumba. "Futa, Mbak, dada yangu! Ila angalia vizuri, kuna na la marehemu Pak Kuncara. Mimi mwenyewe niliogopa kuligusa."

Kumbe yapo matatu! Wening anacheka mpaka machozi. Anafuta mawili, anasafisha mabaki, anaunda upya. Wekundu hautokei. Anakijaribu king'ora, na muda si muda simu yake inaita.

"Wening! Zima hilo dude! Wateja wangu wamekimbilia juu na sahani zangu!"

"Wamekimbia, Mama? Alhamdulillah!"

Mabega yake yanashuka. Hata mimi niliyekuja kuandika tu nimepumua.

Sasa anapanga kila programu itengewe maktaba zake, zisichanganyike tena.

"Na atakayerithi kazi hii afute la kwangu. Asihangaike hata kunipigia simu."

Anaitazama simu yake.

"Au apige tu. Angalau anisalimie."