Masikio ya Uzioni

Mume wangu, Tjibbe Wiersma, alifanya kazi kwenye kiwanda cha maziwa mpaka akastaafu, na wenzake waliostaafu naye walinunua boti, kama watu wenye akili zao. Yeye alinunua gari kuukuu la mwokaji mikate. Akalitoboa paa, akasimika antena saba, akaandika ubavuni jina lake la hewani kwa herufi za njano ili hata ng'ombe wamjue. Ndani mwake mna redio moja ya kusemea na wenzake wenye leseni, na hizo nyingine, wanazoziita skana, ni za kusikilizia marubani wa kijeshi tu. Redio moja ya kusema, sita za kusikiliza! Mwanamke akisikia hesabu hiyo anaweza kudhani nimeolewa na malaika. Thubutu.

Kila majira ya kuchipua, ndege za kivita za mataifa huja kwetu, nje kidogo ya mji wa Leeuwarden, kufanya mazoezi. Ndipo wanaume wazima wanapohamia kando ya uzio wa uwanja na ngazi, viti vya kukunja, chupa za chai na kamera ndefu kama mabomba ya jiko. Upande mmoja wa barabara ile kuna mfereji, upande mwingine kuna zizi la ng'ombe la Wa-Dijkstra, na ndege zikirudi haziji zote upande mmoja. Aliyeelekea mfereji wakati ndege zinapita zizini, anarudi nyumbani na picha nzuri sana ya mavi ya ng'ombe.

Kazi ya Tjibbe ni kuwaokoa na mavi hayo. Yeye husikiliza mazungumzo ya marubani, kisha hutoa kichwa dirishani na kupaza sauti: "Mfereji!" au "Zizi!" Basi uzio mzima unageuka, ngazi zinakokotwa, vitambi vinapanda juu. Wengi wao wana skana zao wenyewe, lakini aliyekuwa akingojewa ni Tjibbe. Nimewahi kumwona askofu akitiiwa, lakini si kwa kiasi hicho.

Sasa mtu huyo akaanza kuwa kiziwi.

Si utani. Sauti anaisikia, maneno hayamfikii, yamebaki mvumo tu. Mimi kwa miaka nilidhani ni dharau ya kawaida ya ndoa, mpaka birika lilipopiga filimbi mbele ya pua yake akaendelea kusoma gazeti. Nikamburuta kwa daktari. Akapewa mashine za masikio, ndogo, nzuri, akazishukuru, akazifungia kwenye droo pamoja na vizibo vya chupa.

"Baba Froukje, vaa vitu hivyo," nilimwambia. Froukje ni binti yetu, ambaye naye alikwisha kuchoka kumpigia baba yake simu ya makelele.

"Nivae niende nazo uzioni? Mtu wa skana mwenye mashine masikioni ni sawa na mwokaji anayenunua mkate dukani."

"Watakucheka siku moja, ya pili watazoea."

"Hawatanicheka," akasema. "Hilo ndilo baya. Watanihurumia. Watanisogezea kiti. Nitakuwa mzee mwenye gari bovu kando ya uzio, basi."

Hapo niliona macho yake, na ulimi wangu, ambao hauna breki, ukasimama wenyewe. Mtu huyu hakuwa na kitu kingine duniani ambacho watu walimngojea akiseme. Mimi mwenyewe sikuwa nikimngojea aseme kitu.

Ndivyo nilivyopata kazi. Mimi Jeltje, niliyeapa sitakaa ndani ya gari lile hata likiwa na joto, nikawa nakaa kiti cha abiria na sufu zangu za kufuma na spika ndogo sikioni, nikisikiliza Wadenmaki na Waitaliano wakisema Kiingereza kibovu kuliko changu. Ndege zikija upande wa mfereji, namgonga goti mara moja. Zikija zizini, mara mbili. Naye anatoa kichwa nje kama nabii. "Zizi!" Na wale mabwana: "Huyu Tjibbe bwana, ana masikio ya popo!" Na mimi nafuma tu soksi.

Niliifanya kazi hiyo majira mazima na nusu ya pili, bila ahsante, kwa sababu ahsante ingehitaji kukiri. Na wahenga walishasema, mficha maradhi kifo humuumbua. Yeye hakuumbuliwa na kifo. Aliumbuliwa na kikapu cha mkate.

Ilikuwa mchana wa upepo, ndege zimekwenda mbali baharini, hakuna la kusikiliza. Nikaweka kikapu changu katikati ya viti: mkate wa sukari, siagi, chupa ya supu nzito ya njegere. Kipaza sauti cha ile redio ya kusemea kilikuwa kimeanguka pale pale, kama kawaida yake, na kikapu kikakikalia kitufe. Hapo hapo sanduku moja la redio nyuma yetu likaanza kulia kwa sauti nyembamba. Mtu yeyote wa redio angeijua sauti hiyo: unarusha hewani na redio yako nyingine inakusikia. Lakini mwenye ujuzi alikuwa haisikii, na mwenye kusikia alikuwa hana ujuzi. Mimi nilidhani sanduku linalalamika tu. Yanalalamika siku zote yale.

Nikakata mkate, na nikaanzisha.

"Leo unawaambia," nikasema, uso kwa uso, ili asome midomo yangu.

"Niwaambie nini?"

"Kwamba huna masikio! Kwamba masikio ya popo ni ya mkeo! Mimi nimechoka kukugonga goti, mwanamume wewe, goti lako limeshaingia kovu!"

"Punguza sauti, watasikia."

"Nani asikie? Haije? Haije anajitia mpiga picha, hajawahi kupata picha hata moja ya maana bila masikio yangu. Au Durk, na antena yake kama kamba ya kuanikia chupi?" Haije ni rafiki yake tangu shule, na Durk ni mwenyekiti wa chama chao cha redio. Nikaendelea na wengine, mmoja mmoja, wake zao, wigi ya yule bwana wa kutoka Franeker. Sikubakisha.

Tjibbe aliniacha nimalize. Kisha akasema taratibu: "Jeltje, wakijua, sina pa kwenda asubuhi."

Nikaangalia nje, nisimtazame. Ndipo nikaona mambo. Uzio mzima umegeuka, na hakuna ndege. Wote wanatuangalia sisi, redio masikioni. Na Durk anakuja barabarani polepole ameshika antena ya mkono, anaizungusha kushoto, anaizungusha kulia, anasimama, anatazama dira, anaandika. Kila mwaka chama chao huficha kirusha-mawimbi kidogo vichakani, kisha hukitafuta kwa vipimo siku nzima. Wanaita kuwinda mbweha. Sasa mbweha alikuwa mbele yake, gari la mikate lenye antena saba na jina la njano, na sauti yangu ilikuwa inajulikana wilaya nzima. Lakini kanuni ni kanuni. Anayeziba chaneli hutafutwa kwa vipimo. Durk alipima mpaka antena ikagusa taa ya gari letu.

Haije ndiye aliyegonga kioo. Hakucheka. Nilitamani acheke.

"Shemeji," akasema, "inua kikapu."

Nikainua. Lile sanduku nyuma likanyamaza papo hapo, na mimi nikaelewa.

"Kasema nini?" Tjibbe akaniuliza.

Nikamwambia. Ilibidi nirudie, kwa sauti, watu wote wakisikia. Aliziinamia redio zake, akazizima moja baada ya nyingine, akawasha gari. Maji yakimwagika hayazoleki, na yangu nilikuwa nimeyamwaga mpaka Groningen, mkoa wa jirani.

Baada ya hapo gari likafunikwa turubai. Kwetu watu hawaji kukupa pole. Wanakuacha na kimya chako, wanaita hiyo heshima. Ndege zikawa zinapita juu ya paa, vikombe vinatetemeka kabatini, naye anamenya viazi. Hakuwa amenuna. Angenuna ningejua la kufanya. Alinimenyea viazi, akafagia njia, akaniuliza kama nahitaji kitu dukani, na hakutoka kwenda popote. Nilikuwa nimeomba miaka mingi nipate mume anayekaa nyumbani. Mungu naye ana dhihaka zake.

Kisha akaja Durk, rasmi, amevaa tai. Akakataa keki, jambo ambalo kwetu ni tangazo la vita. Nikajua wamemfukuza mume wangu. Tjibbe naye alijua. Alisimama wima, mikono nyuma, anaisoma midomo ya mwenyekiti.

"Nimekuja kutoa onyo," akasema Durk. "Mtu asiye na leseni amesikika hewani kwenye chaneli ya chama, kwa muda mrefu, akitumia lugha isiyofaa."

"Haya, mpige huyo mzee risasi tuishe," nikasema.

"Onyo ni lako, mama. Yeye ana leseni."

Ebo! Tjibbe alidhani hakusoma sawasawa, akamwomba arudie, na Durk akarudia, neno kwa neno, kama hakimu.

"Na masikio yangu?" Tjibbe akauliza.

"Masikio gani?" Durk akakunja uso. "Kanuni nimeziandika mimi. Hakuna kifungu cha masikio." Akachukua kofia yake. Mlangoni akanigeukia. "Na kamba ya chupi, mama, nimeiona. Nimeibadilisha."

Kesho yake Tjibbe alitoa turubai. Nikaketi kwenye kiti changu na sufu. Kipaza sauti kile kilikuwa kimening'inizwa darini kwa uzi, mbali na vikapu vya watu.

Uzioni walimsalimia kana kwamba alikuwa na mafua tu. Hakuna aliyemsogezea kiti. Lakini mimi roho haikutulia. Watu wetu wana adabu, na adabu ndiyo ile ile huruma aliyoiogopa, imevaa koti. Nilitaka kujua: bado wanamngojea, au wanamvumilia?

Ndege zikaanza kurudi. Rubani Mdenmaki akasema wazi kabisa, mtoto mdogo angesikia: wanakuja upande wa mfereji. Tjibbe akanisogezea goti.

Nikaligonga mara mbili.

Akatoa kichwa nje. "Zizi!"

Na uzio mzima ukageuka. Ngazi zikakokotwa, vitambi vikapanda juu, mabomba yote ya jiko yakaelekea kwa ng'ombe wa Dijkstra. Haije alikuwa wa kwanza. Ndege nne zikapita nyuma ya migongo yao, chini chini juu ya mfereji, nzuri ajabu, na hakuna aliyepata hata mkia.

Matusi yaliyofuata sitayaandika. Nilishuka garini nikamwendea Haije pale juu ya ngazi.

"Haije, wewe una skana sikioni. Hukumsikia rubani?"

"Nilimsikia, shemeji. Mfereji, kasema."

"Sasa mbona uligeukia zizi?"

Akanitazama kama nimemuuliza kwa nini anavua viatu mlangoni. "Tjibbe alisema zizi."

Nikarudi garini macho yananiwasha. Upepo wa pale una vumbi. Tjibbe alikuwa ameshajua, maana aliziona ndege kwenye kioo cha pembeni. Akalitazama goti lake, akanitazama mimi, kisha akatoa kichwa dirishani, akapaza sauti ambayo kiziwi peke yake huipaza, uzio wote usikie:

"Msameheni mke wangu, jamani! Masikio yake yameanza kuchoka! Nina mashine nyumbani, ziko kwenye droo, kesho nitamletea azijaribu!"