Wifi Alikula Stima Yangu Mwaka Mzima, Nami Nikaizima

Admin, jina langu libaki kwako, maana mtaa wetu hapa Lamu ni mdogo na kuna watakaonijua hata kwa nusu ya kisa. Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na mbili, nina mume na binti mmoja wa miaka sita. Tunaishi ghorofani, vyumba viwili na jiko. Chini yetu anaishi wifi yangu, dada mkubwa wa mume wangu. Ni mjane, anauza samaki na kamba wa kugandisha. Kila nyumba ina mita yake ya stima. Ama ndivyo nilivyoamini.

Mwaka jana tokeni zetu zilianza kuisha kama zinamwagwa. Tunanunua Jumamosi, Jumatano mita inalia. Mume wangu anafanya kazi Mokowe, na kila akirudi, kabla hata ya salamu, anauliza, "Umewasha nini tena?" Nikaacha feni, mimi na mtoto tukawa tunalala tunatota jasho. Nikaacha pasi, sare za mtoto nikawa nazinyoosha chini ya godoro. Friji nikaichomoa, ikawa kabati la sahani. Bado tokeni zaisha. Wifi naye akipanda ngazi akinikuta na wageni hucheka: "Ndugu yangu hakuoa mke, kaoa mdudu wa stima." Mama yao, mavyaa wangu, akayaamini hayo. Mwisho mume wangu akabeba cherehani yangu ya umeme, niliyokuwa nikishonea watu madera, akaipeleka kwa mama yake. "Hiki ndicho kinachotumaliza," akasema. Wateja wangu wakahamia kwengine, na mimi nikawa mtu wa kuomba hata hela ya sabuni.

Nikaanza kuitazama mita. Ina kitaa chekundu kinachopepesa. Ukiwasha kitu kizito kinakwenda mbio, ukizima kinatulia. Nikajaribu kimoja kimoja. Jagi la kuchemshia maji lilikitia wazimu. Taa zetu ndogo hazikukishughulisha sana. Nikaazima cherehani ya jirani, aina moja na yangu, nikashona pindo zima: kitaa hakikukimbia hata robo ya vile kilivyokimbia kwa jagi. Hapo nikajua nilionewa. Asubuhi iliyofuata nikachomoa kila kitu, nikazima kila taa, nikasimama mbele ya mita. Kitaa kikaendelea kupepesa.

Nikashusha swichi kubwa. Kitaa kikazimika. Na kule chini, friza ya wifi, inayonguruma kutwa, ikanyamaza.

Nikatafuta waya, nikauona: umepita nyuma ya kabati, ukashuka kwenye tundu kando ya boriti. Nikairudisha swichi. Sikumwambia mtu. Wifi alikuwa anamwoza binti yake mwezi uliofuata, na mimi nilitaka kulipiza, wala sitawadanganya kwamba nilitaka suluhu.

Siku tatu kabla ya walima, karamu ya arusi yenyewe, friza yake ilikuwa imejaa mpaka kifuniko hakikai: nguru, kamba wa Kiwayu, nyama ya mbuzi wawili. Mume wangu na wifi walikuwa wameombwa wakalale kwa mama yao kupokea wageni. Nikazima swichi kubwa, nikafunga mlango, nikamchukua mtoto, tukaenda kwa mama yangu kule Faza. Nilikula vizuri kule. Nilicheka.

Niliporudi baada ya siku mbili, harufu ilinipokea kabla sijafika mlangoni. Wanawake wa arusi walikuwa uani wakichagua mchele, mume wangu na mama yake wapo. Wifi akanivamia mbele yao wote. "Umeniua! Kwa nini umezima stima?"

Mavyaa akaweka ungo chini. "Stima ni yake, friza ni yako," akamwambia binti yake. "Vimekutanaje?"

Wifi akamtazama ndugu yake. Na mume wangu, macho chini, akasema, "Ni mimi niliyevuta waya. Dada ni mjane, ningemwachaje?"

"Kwa hivyo ukaniacha mimi," nikamwambia.

Wallahi lile lilinichoma kuliko mwaka mzima wa matusi. Alijua. Alibeba cherehani yangu akijua. Angeniambia tumsaidie dada yake, ningekubali kwa moyo mmoja.

Walima ulifanyika kwa kuku wa kuazima kwa majirani. Wifi amepoteza mali na wateja, na kwake yeye sijuti hata chembe. Ila bibi arusi alinijia na hina mikononi, akaniuliza, "Mke wa mjomba, mimi nilikukosea nini?" Swali lile nalala nalo mpaka leo.

Waya nimemwita fundi akaukata. Sasa tokeni zile zile za Jumamosi zinakwenda karibu mwezi, na feni inazunguka. Mavyaa ameniletea cherehani mwenyewe, akaniomba radhi akilia, nami nimemsamehe. Lakini mume wangu yuko kwa dada yake tangu siku ile. Amenitumia ujumbe kwamba Ijumaa baada ya swala watakuja wote wawili, na wanawake wale wale waliokuwapo uani. Wifi ataniomba radhi, kwa sharti nitangulie mimi kuomba radhi ya vile vyakula. Nikikataa, mume wangu asema harudi.

Ndugu zangu, moyo wangu bado una moto. Nataka wifi aanze yeye, kwa sauti, kila mmoja asikie jina la mwizi. Na kuna siku nataka asirudi mume mwenyewe. Mtoto wangu anamuulizia babake kila siku. Mliopitia haya niambieni: Ijumaa nitangulize mkono, ama nifunge mlango?