Mjukuu Niliyembeba Mgongoni

Kuna watu hapa Voi ambao mpaka leo wakinikuta sokoni wananiuliza, "Mama Wakesho, mjukuu anaendeleaje?" halafu wanashikana mabega kwa kicheko, na mimi mjukuu sina, sijawahi kuwa naye, mjukuu mwenyewe alikuwa hotpoti ya chakula. Basi cheka na wewe mapema, umalize, ndiyo nikueleze vizuri, maana huko nje inasimuliwa vibaya na wengine wanaongeza chumvi eti nilizimia. Sikuzimia. Nilikaa chini tu.

Ilikuwa Jumatatu ya Pasaka. Binti yangu Wakesho (ni huyo huyo mmoja, Mungu hakunipa mwingine, na ni nesi, tena nesi wa maana) alikuwa amepata mchumba, kijana wa Kikamba anaitwa Kioko, walijuana tu hiyo Krismasi iliyopita, na sasa mama yake Kioko alikuwa anakuja na treni kutoka Kibwezi tuonane sisi akina mama kabla wazee hawajakaa kuzungumza mahari. Mama huyo ni mwalimu mstaafu. Nilikuwa nimesikia ni mtu wa kunyamaza na kutazama, na watu wa namna hiyo wananitia wasiwasi, nikajiambia kabla sijatoa mtoto wangu wa pekee lazima nijue anaenda kwa nani, siku akikosea kwenye hiyo nyumba atafunikwa au ataanikwa. Hilo ndilo lilikuwa linaninyima usingizi.

Kioko akapendekeza tukutane kwenye ile hifadhi ndogo ya wanyama nje ya mji, wanakotunza wanyama yatima na wale waliovunjika miguu, kuna viti na kivuli, halafu yeye na Wakesho wangetukuta huko saa nane, Wakesho akitoka zamu. Sawa. Lakini mimi nimezaliwa Mghange, kule milimani, hapa Voi nimeolewa tu, na mtu wa Mghange hampeleki mkwe kununuliwa chipsi kibandani siku ya kwanza kuonana. Mkwe anakula kilichotoka mkononi mwako. Niliamka alfajiri nikapika kimanga, mhogo na maharagwe, nikaponda mpaka kikalainika, nikatia samli bila uchoyo, na nakwambia bila kujisifu (najisifu) kimanga changu kiliwahi kumfanya pasta akaahirisha safari ya Mombasa. Nikakitia kwenye hotpoti, nikaizungushia taulo jeupe, na kwa vile nilikuwa naenda na bodaboda nikaifunga mgongoni na leso, nikaifunika kabisa isiingie vumbi. Mpaka hapo sina kosa.

Getini kulikuwa na foleni na jua unalijua la kwetu, hata mbwa hawabweki. Kuna bango kubwa: chakula hakiruhusiwi, nyani ni wengi. Askari anakagua kila kikapu, mama mmoja mbele yangu akanyang'anywa chapati zake zote, nikamwonea huruma kweli, na huku najiuliza mimi nitafanyaje. Mama Kioko alikuwa ameshafika, mrefu, mnadhifu, amejifunika mwavuli, tukasalimiana kwa adabu zile za wakwe, mikono miwili, habari za nyumbani, habari za safari, tukaingia foleni pamoja. Zamu yetu ikafika. Askari akatazama mgongo wangu akatabasamu.

"Na huyo, ni mjukuu?"

Nikasema, "Mjukuu."

Sijui neno lilitokea wapi! Nilikuwa naona chapati za yule mama zikiwa mezani pale, zimepangana, na kimanga changu kikienda kukaa nazo. Askari akauliza ana umri gani, nikajibu miezi saba bila kupepesa jicho, akasema Mungu amkuze, nikapita kichwa juu kama mke wa gavana.

Halafu nikageuka nikaona uso wa Mama Kioko. Yeye anajua nina mtoto mmoja tu. Sasa mjukuu wa miezi saba ametoka wapi, kama si kwa Wakesho, na Kioko amemjua Wakesho juzi Krismasi? Nikafungua mdomo nimweleze, na yule askari (alikuwa mkarimu kupita kiasi) akaacha mwenzake getini akaamua kututembeza mwenyewe, "kwa sababu shosho amebeba," bibi mwenyewe ndiye mimi. Ningesema nini mbele yake? Kwamba nimemdanganya mtu wa serikali, na mkwe wangu awe shahidi hata kabla hajaonja chakula?

Basi tukatembea. Tukaonyeshwa punda milia, tukaonyeshwa kobe, tukaonyeshwa ndovu mtoto akinyonya chupa, Mama Kioko hatazami wanyama, ananitazama tu mgongo. Na jua linapanda. Na kile kifuniko nadhani kililegea kwenye bodaboda, maana samli ilianza kuyeyuka na kunitiririka kiunoni, nikawa natembea nimenyooka kama askari wa gwaride nikiomba isifike kwenye sketi. Ikafika. Msichana mmoja akanikimbilia, "Shosho, mtoto amekojoa!"

"Najua," nikamwambia. "Ni kawaida yake."

Mwishowe tukakaa kwenye benchi chini ya mgunga, na askari akaenda kufokea watoto waliokuwa wanarushia kobe mawe. Nikaona ndiyo nafasi yangu. Nikavuta pumzi. Lakini Mama Kioko alinitangulia, akaongea polepole bila kunitazama, yule mtu wa kunyamaza.

"Mkwe, Kioko hakuniambia. Labda aliogopa nitakataa." Akakunja mwavuli wake. "Mimi nimefundisha watoto maisha yangu yote, sijaona mmoja aliyejichagulia mahali pa kuzaliwa. Wakesho akija kwetu aje na mtoto wake, asimwache nyuma. Sasa mfungue, nimbebe kidogo, umechoka."

Ndugu zangu, nilishindwa. Niliwahi kujibizana na chifu mimi, lakini hapo machozi yakaja, na aibu na furaha vikanichanganya nikakaa tu nikishika fundo la leso, silifungui wala siliachi.

Nyani akalifungua yeye.

(Tena hakuwa wa hifadhi. Wale wa ndani ya uzio walikuwa na adabu zao. Huyu alikuwa wa nje tu, mzururaji.) Nilisikia mvuto mmoja nyuma, leso ikaniponyoka, nikaona taulo jeupe linapanda mgunga. Na kabla sijasema lolote Mama Kioko alikuwa ameshasimama, kiatu mkononi.

"Woi! Amechukua mtoto! Leta mjukuu wangu! Shetani wewe, leta mjukuu wangu!"

Hifadhi nzima ililipuka. Akina mama wanalia, wanaume wanarusha chupa, kwaya iliyokuja matembezi ikaanza kuomba kwa sauti, wengine wametoa simu wanarekodi, askari anapuliza filimbi anakimbia na ngazi, na Mama Kioko, mwalimu mstaafu na gauni lake la Pasaka, amekumbatia ule mti wenye miiba anajaribu kuupanda. Nikapiga kelele, "Si mtoto! Jamani, si mtoto!" Watu wakasema maskini, shosho amechanganyikiwa, mpeni maji.

Ndipo kifuniko kikaanguka. Kikafuatwa na kimanga, tonge kubwa, pwaa, juu ya kofia ya askari.

Watu wote wakainua macho. Huko juu nyani ametulia kwenye tawi, amekumbatia hotpoti, anakula kwa mikono miwili, amefumba macho kwa utamu. Nitakwambia ukweli, katikati ya fedheha yote ile moyo wangu ulisema: ndiyo, hicho ni kimanga cha Mghange. Askari akajipangusa shavu, akaangalia vidole vyake, akanigeukia.

"Shosho. Mjukuu wako ana maharagwe?"

Kicheko kilichotoka hapo mimi nilikaa chini palepale kwenye vumbi. Lakini sikuwa namwangalia askari, wala wale wa simu. Nilikuwa namwangalia Mama Kioko. Mikono imechanika kwa miiba, mguu mmoja hauna kiatu, jasho linatoka. Akaja akasimama mbele yangu.

"Kwa hivyo hakuna mtoto?"

"Hakuna, mkwe."

"Wakesho hajazaa?"

"Hajazaa. Ni chakula. Nilikupikia wewe. Nisamehe."

Akaketi karibu nami, akafunika uso, mabega yakatikisika, nikajua anacheka, kumbe analia. Nikasema basi, nimemharibia binti yangu, treni ya jioni itaondoka na ndoa.

"Mimi nilikuwa nimeshampenda huyo mtoto," akasema.

Nikamshika. Tukalia wote wawili, halafu yeye akaanza kucheka kweli, nami nikacheka, na askari akatupa adhabu ya kuokota maharagwe yote mpaka la mwisho, na ndivyo watoto wetu walivyotukuta saa nane, tumeinama, tunaokota, mkwe wangu peku.

Jioni Wakesho ananitoa miiba mkononi (nami nilipata yangu kwenye kuokota) akaniuliza kwa sauti ndogo, "Mama, umemwonaje?" Mimi nimeapa mbele ya kanisa langu kwamba chakula changu sitakificha tena, nitakibeba mbele za watu, na wakikichukua wakichukue wakijua ni cha nani. Lakini swali la binti yangu halikuhitaji kiapo. Nilimwambia, "Olewa, mwanangu. Siku ya shida hao watakukimbilia, hata peku."