Maji ya Mchana wa Ramadhani

Kazi yangu ilikuwa kuosha mitungi ya maziwa ya ngamia na kuifukiza moshi ili maziwa yakae na yanukie vizuri, pale kwa mama mmoja sokoni Isiolo. Nilitafutiwa na dada wa mradi unaowasaidia watu waliougua akili kupata kazi, halafu anakuja kutuangalia kazini. Pale sokoni, ugonjwa wangu aliujua Mama mwenye kazi peke yake. Wengine walinipigia kelele kama wanavyopigiana wenyewe: "Wewe mvivu, pickup ya maziwa kutoka Merti imefika!" Wallahi, niliipenda hiyo kelele.

Halafu Ramadhani ikaingia. Dawa yangu haitaki mtu akaukiwe na maji. Daktari alinikataza kufunga, na dini yenyewe inaniruhusu, lakini ningemweleza nani? Nikawa najificha nyuma ya stoo, nakunywa haraka haraka. Mchuuzi mmoja akanifuma. Mayowe aliyopiga! "Astaghfirullah! Anakunywa maji mchana, na mikono hiyo ndiyo inashika maziwa yetu ya futari!"

Nikainamia mitungi yangu. Wacha waniite mwenye dhambi, nikasema moyoni. Mwenye dhambi anatubu, kesho anarudi kazini.

Dada wa mradi akatukuta katikati ya hayo matusi. Yeye ni Mkristo wa kutoka Meru, roho safi kabisa. "Jamani, mnamwonea bure," akawaambia wote. "Huyu ni mgonjwa wa akili, ako kwa dawa." Akanigeukia akitabasamu. Alidhani ameniokoa.

Soko likatulia. Mchuuzi akaniomba msamaha kwa sauti ya kumbembeleza mtoto, huku akikiondoa taratibu kisu cha kukatia kamba kilichokuwa karibu yangu. Jioni Mama akaniita.

"Mgonjwa hachoshwi, mwanangu. Enda upumzike."

"Mpaka lini, Mama?"

"Mpaka Mungu akuponye."

Dada wa mradi amerudi kumsihi, wapi! Mama anamwitikia vizuri sana, lakini kazi hakuna. Nimechoka kupumzika. Sina hamu ya kitu chochote tena.

Kila magharibi yule mchuuzi ananiletea maziwa ya sadaka. Anauweka mtungi mlangoni, anarudi nyuma kidogo ndipo anisalimie. Nikinywa, nauosha vizuri, naufukiza moshi kama zamani, nauacha pale auchukue. Kesho yake unarudi umesuguliwa upya kwa sabuni, harufu ya moshi wangu yote imetolewa.