Sauti ya Pili Katika Kaye ya Mama Bolumbu

Je, Mama Bolumbu aliniangalia mimi kabla ya kuifunga ile kaye, daftari lake la nyimbo, au aliangalia tu mlango uliokuwa nyuma yangu? Swali hili dogo limeninyima usingizi majuma matatu mfululizo. Nimemaliza chuo kikuu Lubumbashi, nimerudi nyumbani Kamina kungojea kazi, na badala ya kuwaza kazi nawaza macho ya mama mmoja muuza kwanga, mikate ya muhogo ifungwayo kwa majani, macho niliyoyaona nikiwa na miaka kumi na moja. Yote yalianza upya siku baba aliponiomba nimchapie kwa kompyuta nyimbo zote za kwaya yake, ili kitabu kiwe tayari kabla ya sikukuu ya kwaya. Nilichapa wimbo mmoja baada ya mwingine bila shida. Nilipofika kwenye wimbo wa siku ile, mstari wa mwisho, sauti ya alto, vidole vyangu vikagoma. Nilifunga kompyuta, nikaifungua, nikaifunga tena. Mama alidhani umeme unasumbua.

Nilipokuwa na miaka hiyo kumi na moja, ulikuwa msimu wa kiangazi, wakati asubuhi za Kamina zina baridi ya kushika masikio na vumbi jekundu linalala juu ya kila kitu, hata juu ya majani ya sombe kwenye sufuria. Kanisani kulinuka sakafu iliyomwagiwa maji kabla ya kufagiwa, harufu ya udongo unaoamka. Baba alikuwa mwalimu wa shule na kiongozi wa kwaya, na watu wote, mpaka mama, walimwita Mwalimu. Aliandika nyimbo zake ubaoni kwa herufi za sauti, d ikiwa do, r ikiwa re, na waimbaji wakazinakili kwenye madaftari, kaye kama tunavyosema huku. Waliochelewa au waliokaa mbali niliwanakilia mimi. Hakuna aliyekuwa na mwandiko kama wangu pale nyumbani, na kazi hiyo ilinipa kiburi. Nilikaa kwenye benchi la nyuma, miguu haigusi chini, nikijiona katibu wa malaika.

Nyumbani kwetu muziki ulikuwa wa Mungu au haukuwepo. Redio ilifunguliwa kwa habari, na gitaa lilipoanza tu kulia, mkono wa baba ulikuwa tayari kwenye kitufe. Alisema nyimbo za dunia huingia kwa sikio na kutokea kwa tabia. Mimi sikumpinga, lakini sikio halina mlango. Mama Bolumbu, mke wa askari aliyetoka mbali, jimbo la Équateur, alifika mjini kutoka base, kambi ya jeshi nje ya mji, mara mbili kwa juma na beseni la kwanga kichwani. Akiwa na rafiki yake wakifungua majani ya kwanga mbele ya nyumba yetu, walikuwa wakiimba kwa Kilingala nyimbo za mapenzi, taratibu, sauti mbili. Ya kwanza ilipanda, na ya pili ikapanda chini yake, hatua kwa hatua, kama mtu anayemshika mwenzake kiwiko kwenye matope. Sikuelewa maneno. Nilisimama dirishani na kitambaa cha kupangusia vyombo mkononi, nikasikia kitu kifuani kinajipanga mahali pake. Tangu siku ile nimejua ninachopenda katika muziki. Si kinanda, si ngoma. Ni ile sauti ya pili isiyomwacha mwenzake apande peke yake.

Mama Bolumbu alikuwa pia mwimbaji wa alto katika kwaya ya baba, mmoja wa wachache wa base waliokubaliwa, kwa sababu alijua kusoma herufi za sauti. Baba alipotunga wimbo wa kumpokea mgeni mkubwa wa kanisa, Mama Bolumbu alikosa mazoezi mawili ya mwisho. Mume wake alikuwa ametumwa upande wa Malemba-Nkulu, na mtoto wake mdogo alikuwa na homa. Baba akanipa kaye ya mama huyo niijaze, ajifunze peke yake. Katika mstari wa mwisho, soprano walipanda mi, fa, so, la, wakarudi so. Alto waliwekwa kwenye do, mara tano, noti ileile, kama mgeni aliyesahauliwa mlangoni. Niliiandika do ya kwanza. Kisha nikasikia kichwani wale wanawake wawili na majani yao ya kwanga, nikaandika re, na mi, na fa, na mi tena. Sikukosea. Nataka hilo lieleweke, maana kwa miaka mingi nilijaribu kujidanganya kwamba nilikosea. Niliimba kwa pumzi, nikapenda, nikafunga kaye.

Jumapili ile kanisa lilijaa mpaka watu wakasimama madirishani. Wimbo ulikwenda vizuri hadi mstari wa mwisho, ndipo sauti ya Mama Bolumbu, nzito na safi, ikaondoka kwenye do na kupanda chini ya soprano. Alto wengine walibaki kwenye do, mlangoni. Kwa muda wa noti nne nilikuwa mtoto mwenye furaha kuliko wote duniani. Halafu nikaona shingo ya baba imekakamaa. Baada ya ibada walikutana nyuma ya kanisa, na mimi nikasimama karibu na mlango.

“Huku haiko bar ya ku base, mama!” alisema mmoja wa alto, na wengine wakacheka.

“Mama Bolumbu, ile sauti uliitosha wapi, nani alikupa?” baba akauliza.

“Minyi nimeimba vile iko mu kaye, Mwalimu.”

“Onyesha.”

Alitoa kaye kwenye mkoba, akafungua ukurasa, akautazama kwa muda. Akainua macho kuelekea mlangoni, nilipokuwa. Akaifunga. “Pengine minyi njo nilisoma mubaya,” alisema. Baba akamwambia, kwa adabu yake yote, “Basi, mama, upumuzike kidogo.” Hiyo kidogo imedumu miaka kumi na mitano.

Nilingoja Mama Bolumbu aniseme. Hakunisema. Aliendelea kupita na beseni lake, akiniamkia, “Ngoie, masomo iko namna gani?”, nami nilijibu nikiangalia miguu yake. Kwanga alifungua mbele ya nyumba nyingine, na wimbo ukahamia huko. Wahenga walisema mficha maradhi, kilio humfichua, lakini maradhi yangu hayakuwa na kilio, yalikuwa na ukimya tu. Chuoni wenzangu waliposimuliana nyimbo wanazozipenda, nilitaja zilizokuwa zikipigwa mwaka huo. Ukweli ni kwamba sauti mbili zinapoanza kupanda pamoja, mimi huruka wimbo. Na ukweli mwingine ni kwamba wimbo wa maisha yangu ni mstari mmoja ulioimbwa mara moja, na mama aliyeuimba alifukuzwa.

Kwa hiyo nilipima. Nikichapa do tano, ninautia muhuri uongo kwamba Mama Bolumbu alikosea. Nikichapa zangu, ninaiba wimbo wa baba mara ya pili. Nikiuacha wimbo, baba ataulizia, kwa maana anajua idadi ya nyimbo zake kama mtu anavyojua idadi ya watoto wake. Na kama Mama Bolumbu hakuniangalia siku ile, kama kweli aliamini alisoma vibaya, je, si ningekuwa ninamfungulia kidonda ambacho hakukijua? Siku ya ishirini na mbili nilichoka na akili yangu mwenyewe. Nilipanda pikipiki nikaenda base.

Nilimkuta mbele ya nyumba yao ya askari, nywele zimeingia mvi, anafunga kwanga kwenye majani. Nilianza hotuba niliyoiandaa njiani. Hakunipa nafasi.

“Ngoie wa Mwalimu! Umekomaa, lakini ile kipaji ya uso ya baba yako haikubadilika. Ikala hapa chini.”

Nilikaa, nikamwambia yote bila mpangilio. Akacheka mpaka jani likamtoka mkononi. “Weye njo ulifanya hii njia yote juu ya noti ine? Nilijua siku ile ile. F yako iko na mukia murefu sawa panya. Ningefanya nini? Baba mukali vile, na mutoto anatetemeka ku mulango.”

Basi aliniangalia. Nilidhani jibu lile lingenipa usingizi. Lakini aliacha kucheka, akachukua jani jingine. “Minyi nilingojea, mwana. Kila mwaka nilisema, sasa amekomaa, atasema. Kisha nikaacha kungojea.” Alikaza kamba kwa meno. “Kwa minyi umeshasema. Lakini si minyi njo nilijifukuza mu kwaya.”

Jumamosi kulikuwa na mazoezi. Nilikuwa nimechapa barua ya kurasa mbili kwa baba, nikaifuta, kwa sababu barua ingesomwa chumbani, na Mama Bolumbu aliaibishwa mbele ya watu. Kanisa lilinuka vilevile, udongo na maji. Nilikaa kwenye benchi langu la zamani, na sasa miguu inagusa chini, kisha nikasimama, nikasema nilichofanya, na nilichoacha kusema. Mmoja wa alto wa zamani alifyonya. Baba alivua miwani, akaishika kwa mikono miwili.

“Iimbe,” alisema.

Niliimba. Nilimaliza na mi ya mwisho. Baba alitangaza kwamba mazoezi yamekwisha, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue akasahau sala ya kufunga. Siku mbili hakunisemesha ila kuomba chumvi na maji. Zamani niliogopa fimbo yake. Siku hizi hana fimbo, na ule ukimya uliniuma zaidi, maana niliutambua: ulikuwa wangu, ameurithi kwangu mzee mzima. Utotoni nilipata utamu wa noti nne na mwenzangu akalipa. Sijui kama kuna malipo ya kurudisha miaka kumi na mitano ya Jumapili.

Jumatatu asubuhi baba alitoka chumbani amevaa koti lake la ibada, akauliza pikipiki za kwenda base zinapatikana wapi. Tulikodi mbili. Yeye alikaa kwenye ile ya kwanza, wima, kofia imeshikwa kwa mkono, nami nikafuata katika vumbi lake. Kwenye mkoba nilikuwa na kalamu, na ukurasa wa wimbo ule, sauti zote zimechapwa isipokuwa mstari wa mwisho wa alto, niliouacha wazi kwa mkono wa Mama Bolumbu.