Mstari Niliofyeka

Siku ninayoikumbuka kuliko zote, mwanangu, ni ile niliyovuka mto Lualaba kuingia Kindu, baada ya siku sita za kutembea kutoka Kalima. Vita vilikuwa vimefunga shule, miguu imevimba, na mfukoni sikuwa na kitu ila cheti cha sekondari. Nilikuwa nakwenda kwa nyanya yangu, Nkambo Salima, aliyelima mpunga katika kijiji cha kale, njia ya Kibombo.

Nilimkuta mpimaji wa ardhi akichora ramani ya kijiji hicho: mashamba ya kwanza ya wazee wetu, mifereji, makaburi. Watu wengi walikuwa wamekimbilia msituni, naye aliogopa kumbukumbu zitapotea. Akanichukua nimshikie mita, kwa kuwa nilijua kusoma. Nilijiona mkubwa sana, usinicheke.

Kati ya shamba na shamba wazee walipanda mstari wa vichaka vya majani mekundu kuwa mpaka. Havikatwi; kila ukoo unajua vyake. Mimi, niliyezaliwa kwa wachimba bati, sikujua, wala sikuuliza. Vilituziba macho tukipima, nikavifyeka asubuhi moja. Mashamba ya pande zote mbili, la Nkambo likiwemo, yalikuwa yamelala na kuota majani; mpimaji aliponiuliza pale pana nini, nikamjibu, "Pori tu." Akaandika pori.

Nkambo akaja, jembe begani, akitaka kujua mkataji ni nani.

"Weye njo ulikata?"

"Ndiyo, Nkambo. Ilikuwa inatuziba. Itaota tena."

"Miti itaota. Na ile karatasi yenu?"

Ningeweza kumrudia mpimaji nikamwambia nimekosea. Niliona haya. Akaondoka na ramani yake.

Vita vilipotulia, tajiri mmoja alikuja na nakala ya ramani ile. Waliorudi kutoka msituni wakaambiwa pale ni pori, halina mwenyewe. Nkambo alisimama mbele ya wakubwa akataja majina ya waliolima pale, mmoja mmoja. Walimsikiliza kwa adabu, kisha wakasoma karatasi.

Siku niliyoondoka moja kwa moja, nilimkuta akipalilia kwa kibarua shamba lililokuwa lake.

"Nkambo, ninaenda."

Hakuinua uso. "Enda tu. Kwa weye, kila fasi iko pori."

Nimezunguka miji mingi tangu hapo, na sina hata tuta moja. Basi, mwanangu, usipape mahali jina kabla ya kumuuliza anayepalima. Na ukikosea, rudi siku hiyohiyo useme, hata wakikucheka. Mungu akupe ulimi wa kuuliza, akuwekee watu wa kukujibu, na akujalie kile nilichomnyima Nkambo: shamba la kuzeekea.