Garanti ya Masikio

Saa tatu na dakika kumi asubuhi, siku ya Jumanne, simu ilitetemeka kwenye mfuko wa shati langu. Nilikuwa kibandani kwangu Murara, mjini Goma, nimeinamia mizani ya mama mmoja muuza samaki, nikitoa kutu penye egemeo. Kutengeneza mizani za sokoni ndiyo kazi yangu. Ni kazi inayomfaa mtu asiyesikia vizuri, kwa sababu mizani haina la kukuambia zaidi ya kile unachokiona.

Ujumbe ulitoka kituo cha afya. Ulisema kwamba majibu ya mdogo wangu yametoka, na kwamba nifike naye siku hiyo hiyo. Walikuwa wameandika badala ya kupiga, kwa hiyo nikajua kwamba alikwisha kuwaeleza habari zangu.

Mdogo wangu ni mwanamke wa miaka arobaini na kitu, mjane, mchuuzi wa viazi. Wazazi wetu walitoka upande wa Butembo wakafuata biashara mpaka Kalengera, na yeye ndiye aliyebaki na biashara hiyo. Ananunua viazi huko juu, anavileta Goma, anauza, anapanda tena. Miezi kadhaa alikuwa anakohoa na kupungua, na gauni lake la Jumapili lilikuwa linamning'inia mabegani. Mimi ndiye niliyemlazimisha aache makohozi yapimwe kabla ya kupanda gari la kurudi.

Majibu yalikuwa kifua kikuu sugu, kile kisichotii dawa za kawaida. Nakijua. Nilikiugua miaka mingi iliyopita.

Wakati huo matibabu yake yalikuwa karibu miaka miwili ya vidonge, na katika miezi ya mwanzo, sindano kila siku. Sindano hiyo ilisaidia kuniponya. Pia iliyachukua masikio yangu, kwa mpangilio maalumu: kwanza sauti nyembamba, ndege na kengele ya baiskeli, baadaye sauti za watoto, baadaye za wanawake. Nilibakiwa na zile nzito. Leo nasikia lori la magogo likipita, nasikia radi, na mwanamume akisema karibu nami napata nusu ya maneno. Sauti ya mdogo wangu sijaisikia tangu hapo. Maneno yake nayasoma mdomoni, maana tumekua pamoja na najua mdomo wake unavyokwenda.

Watu hudhani kwamba kiziwi amezungukwa na ukimya. Mimi nimezungukwa na maneno mawili: "Hakuna kitu." Watu wanacheka kwenye matanga au kwenye arusi, nauliza wamesema nini, na aliye karibu ananigeukia kwa upole na kunijibu hivyo.

Ndiyo maana nikaanza kusoma. Shule yangu iliishia darasa la sita. Kifaransa nilijifunza upya kwa kamusi, na baadaye nikajifunza namna ya kutafuta kwenye simu tafiti za madaktari zinazotolewa bure. Nilitaka kujua sindano ile ilinifanya nini. Nilisoma pole pole, sentensi moja kwa jioni moja ilipokuwa ngumu. Katika mojawapo nilikuta jedwali la madhara ya matibabu ya zamani: kichefuchefu, ini, viungo, na chini yake mstari wa masikio wenye namba moja pembeni. Niliutazama mstari huo kwa muda mrefu. Sikuwa mmoja wa wagonjwa waliohesabiwa pale, lakini nilijiona nipo.

Kwa miaka niliyoendelea kusoma, dawa zilibadilika. Watafiti walijaribu matibabu ya vidonge vitupu, bila sindano, ya miezi sita, na yakawa yanaponyesha. Nililifuata jambo hilo kama wengine wanavyofuata timu ya mpira, na sikuwa na mtu wa kumweleza.

Kituoni walitupatia sote barakoa. Ni sahihi kabisa kwa ugonjwa ule, lakini kwangu ni kama kuzima taa. Daktari, mwanamke kijana, alikuwa anasema, macho yake yakinitazama mara kwa mara, nami sikuona hata neno moja. Mdogo wangu akanivuta kiwanjani, akasimama mbali penye upepo, akashusha barakoa na kunitafsiria.

"Dokta anasema miezi sita," alisema.

"Na sindano?"

"Anasema haiko."

"Hiyo ni habari nzuri sana."

"Yaya, mimi ninatafsiri tu. Sijasema nimekubali."

Yaya ndivyo anavyoniita, kama wadogo wanavyowaita wakubwa wao kwetu.

"Ukatae kwa nini?"

"Wewe walikuambiaka nini? Si walisema masikio yatapiga kelele kidogo halafu itapita?"

Hilo lilikuwa kweli. Nesi wa zamani alinieleza hivyo, na nadhani aliamini.

Daktari akatoka akatufuata. Akamwambia kitu. Nikamuuliza mdogo wangu ni nini.

"Anasema mimi ni mama wa akili."

Daktari akatikisa kichwa, akachukua simu yangu na kuandika: "Papa, hakuna sindano hata moja. Nimemweleza vizuri na ameelewa. Anasema amekuona wewe."

Tukarudi nyumbani bila dawa.

Nyumba yangu ni ya mbao, imeinuliwa juu ya mawe ya volkano. Nilimpa chumba, nikafungua madirisha yote, nikahamishia kitanda changu kibandani. Nilikuwa nimeziweka tafiti zangu kwenye bahasha, zimechapwa. Jioni nilikaa mlangoni, yeye ndani, nikaanza kumsomea. Nilifikiri mtu akipewa habari sahihi kwa utaratibu atafika mahali nilipofika mimi. Nilimtafsiria waliofanya utafiti, namna wagonjwa walivyogawanywa makundi, wangapi walipona. Nilipofika ukurasa wa tatu, aligeuza kiti na kutazama ukuta.

Kumshinda kiziwi katika ubishi ni rahisi hivyo. Unageuza uso tu.

Nilikaa nikitazama kisogo chake. Mabega yalikuwa yakiruka kwa kikohozi, na mimi sikusikia kikohozi. Huyo ndiye mtu pekee wa familia yetu ambaye hajawahi kuniambia "hakuna kitu". Hata kwenye kilio cha mama, watu wakichekea kisa fulani cha zamani, yeye alinigeukia akanirudia kisa chote, mwanzo mpaka mwisho, hata kama kicheko kilikuwa kimepita.

Baadaye akageuka.

"Hao watu wa kwenye karatasi," alisema, "unawajua?"

"Hapana."

"Mimi pia siwajui. Masikio yangu yakipotea, nitaenda kumuulizia nani? Biashara yangu yote iko kwenye simu, yaya. Ninasikia sauti ya mutu, ninajua kama anadanganya bei. Wewe unakaa na mizani. Mimi nitakaa na nani?"

"Usipomeza utakufa."

"Hiyo ninajua, sikuuliza hiyo." Kisha akacheka kidogo, meno yakaonekana. "Masikio yangu ni nyumba yangu. Kama dawa hizo zitaiacha salama, weka garanti."

Mtu wa Goma hapewi funguo za nyumba kabla ya kuweka garanti. Ni pesa za miezi kadhaa ambazo mwenye nyumba anazishika mpaka siku unapohama. Ukiiacha nyumba salama, anakurudishia. Kwa kawaida anakata kidogo, ya rangi, ya kitasa, ya kioo, na mnagombana mlangoni mizigo ikiwa tayari imefungwa kwenye chukudu, kile kigari chetu cha mbao cha kusukuma.

Alisema kwa utani. Lakini niliporudi kibandani nilikiona kilichokuwa kinakosekana kwenye bahasha yangu. Namba zote zilikuwa pale, ila hapakuwa na mtu wa kudaiwa.

Asubuhi nilimpelekea kopo la maziwa ya unga. Ndani yake mlikuwa na dola mia tatu, noti tatu za mia moja, nilizokuwa nikiziweka kwa ajili ya kifaa cha masikio. Benki za mji zilikuwa zimefungwa kwa sababu ya vita, kila mtu alikuwa na kopo lake. Alijua pesa hizo ni za nini.

Alizitoa, akazitazama moja moja kwenye mwanga wa dirisha akitafuta mpasuko, maana noti yenye mpasuko hapa haipokelewi.

"Za kweli," alisema.

"Miezi sita. Masikio yakiharibika, ni zako. Yakibaki salama, unarudisha."

"Masikio tu?"

"Masikio tu. Lakini usikilize yote. Moja ya dawa hizo inaweza kupunguza damu, na inaweza kuchoma miguu au kuifanya iwe na ganzi. Macho pia wanayaangalia. Watakupima kila mara."

"Miguu nitaiona ikiharibika. Masikio hayaonekani." Akazikunja noti na kuzitia kwenye kitambaa alichofunga kiunoni. "Twende, kabla dokta hajachoka na sisi."

Hivyo ndivyo alivyoanza.

Wiki za mwanzo nilibaki kulala kibandani, tukila yeye ndani na mimi mlangoni. Vipimo viliposafika, daktari aliniruhusu kurudi. Miaka mingi hakuna mtu aliyekuwa amekaa ndani ya nyumba ile ila mimi. Sasa palikuwa na mtu wa kuniambia jirani anagombana na nani, padri ametania nini kwenye misa, mvua imeanza kabla sijaona tone. Nilikuwa nimesahau kwamba mambo madogo ni mengi kiasi hicho.

Masikio yake tuliyapima kila Jumapili. Alikaa akinipa kisogo. Mimi nilichukua mawe madogo ya mizani, yale ya gramu chache, nikayaangusha moja moja kwenye kisahani cha bati kilichotandikiwa kitambaa chini. Akisikia, anainua mkono. Mimi sikusikia lolote. Niliona jiwe likidunda na mkono ukipanda.

Nilikuwa nimesoma kwamba jaribio bila ulinganisho halina maana. Kwa hiyo mara nyingine nilipeleka mkono juu ya kisahani nikaurudisha bila kuangusha kitu. Mara ya kwanza aligeuka.

"Unangoja nini? Umelala?"

"Nakupima."

"Unanipima kama muuza dagaa anayeshukiwa! Mwizi wewe, angusha jiwe."

Jumapili moja, katika mwezi wa nne, nilifanya hivyo tena, sikuangusha kitu, na mkono wake ukapanda. Nilidhani tangu mwanzo amekuwa akibahatisha ili kunifurahisha, na kwamba masikio yameshakwenda.

"Sijaangusha," nilimwambia.

"Najua haukuangusha. Si kisahani." Akaonyesha chini. "Kuna katoto ka paka chini ya sakafu. Kanalia."

Nilisema hakuna. Akasema ninyanyue ubao. Nikachukua nyundo, nikang'oa ubao mmoja karibu na ukuta, na kati ya mawe meusi alikuwapo, mdogo kama ngumi, mdomo wazi. Nilimwona akilia. Nilimshika mkononi nikahisi kilio chake kwenye vidole, kitu chembamba kinachotetemeka. Sauti kama hiyo ndiyo ya kwanza kupotea. Yeye alikuwa ameisikia kupitia mbao.

Mwezi huo huo miguu ikaanza kumchoma. Alikuwa hawezi kuvaa ndala za plastiki, na usiku aliiweka nje ya blanketi. Nilimpeleka mara moja. Daktari alipunguza kipimo cha ile dawa moja, na moto ukapungua, ingawa ncha za vidole zilibaki na ganzi. Alinunua viatu laini katika duka moja la mtaa wa Himbi, akarudi akinung'unika juu ya bei.

Miezi sita ilipotimia, makohozi yalikuwa safi. Daktari alimwandikia tarehe za kurudi kuangaliwa, maana ugonjwa huu huangaliwa hata baada ya kupona. Aliniandikia na mimi pia, kwenye simu: "Papa, asante kwa garanti." Kumbe alikuwa amemhadithia.

Asubuhi ya kuondoka, gunia lake likiwa limekwisha kufungwa, mdogo wangu alisimama mlangoni na kunihesabia pesa mkononi: mia mbili, hamsini, kumi, tano.

"Imepungua," nilisema.

"Viatu."

"Miguu haikuwa kwenye mapatano. Masikio tu, ulisema mwenyewe."

"Umeona wapi garanti inarudi nzima? Mwenye nyumba hakosi sababu, yaya." Alikuwa anacheka, na alisimama kwa namna ambayo mwanga ulimwangukia mdomoni, ili nisipoteze neno. Alimchukua paka, akamtia ndani ya kikapu. Alisema huko Kalengera panya wanamalizia viazi.

Gari liliondoka. Niliporudi ndani, nilifunga madirisha mawili kati ya manne, kama nilivyozoea zamani. Kisahani cha bati kilikuwa bado mezani, juu ya kitambaa chake. Nilichukua jiwe dogo kuliko yote nikaliangusha. Lilidunda mara moja, likalala. Nilikaa kidogo kwenye kiti alichokuwa akikalia yeye, nikitazama ukuta.

Jioni jirani walikuwa na wageni, wakicheka nje. Nilimuuliza baba mwenye nyumba hiyo wanacheka nini. Aliniwekea mkono begani, akasema yale maneno mawili.

Nikaingia, nikafungua kopo na kurudisha pesa. Niliweka dola mia tatu, zimerudi mia mbili sitini na tano. Nimepoteza dola thelathini na tano.